Hesabu ya Kiwanja: Kwa Nini Nyumba Tatu Hazijengwi Hata Pale Sheria ya Marekani Inapoziruhusu

Desemba 2018, baraza la jiji la Minneapolis lilipitisha mpango unaoruhusu hadi makazi matatu kwenye viwanja vilivyokuwa vya nyumba ya familia moja tu. Ulipoanza kutumika Januari 2020, wengi walitarajia nyumba za familia tatu zijae mitaani. Zilijengwa chache mno. Makazi mapya mengi yalipatikana kwenye majengo ya ghorofa kando ya barabara za mabasi.

Ruhusa ilikuwepo, lakini vipimo vilibaki vya zamani. Katika mitaa mingi ya ndani, mbali na barabara kuu, jumla ya sakafu za ghorofa zote haikutakiwa kuzidi nusu ya eneo la kiwanja. Chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Nusu yake ni 2,500. Ukigawa kwa tatu, kila familia inapata kama 830, na hapo hujatoa ngazi wala unene wa kuta. Mwenye kiwanja akipiga hesabu hiyo anaona ni heri ajenge nyumba moja kubwa.

Maegesho ndiyo yanayomaliza kabisa. Gari moja linahitaji futi 9 kwa 18, na ukijumlisha nafasi ya kugeuzia unafika kama futi za mraba 300. Jiji likidai magari mawili kwa kila makazi, nyumba tatu zinakula 1,800, zaidi ya theluthi ya kiwanja, kabla ya kuchimba msingi. Pasipo na kichochoro cha nyuma, ongeza njia ya gari ya futi 10 ubavuni mwa nyumba. Ndiyo maana kufuta sharti hili kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Jiji la Buffalo lililifuta mwaka 2017, Minneapolis ikafuata 2021. Kulifuta si kupiga marufuku maegesho, anayeyataka atayajenga.

Kuna kikwazo kingine kisichomo kabisa kwenye sheria za ardhi. Kwa kawaida nyumba ya familia moja au mbili hufuata kanuni nyepesi za ujenzi. Ukiongeza ya tatu, jengo linahamia kwenye kanuni za majengo makubwa, zinazodai mabomba ya darini ya kuzimia moto, na mara nyingi bomba kubwa zaidi la maji kutoka barabarani. Gharama hiyo kwenye jengo dogo ni nzito.

Jiji la Houston lilibadilisha namba nyingine: ukubwa wa kiwanja. Mwaka 1998 lilishusha ukubwa wa chini wa kiwanja kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400 ndani ya barabara ya mzunguko ya 610, na 2013 likapanua kanuni hiyo nje yake. Palipokuwa na nyumba moja pakaingia tatu, kila moja na hati yake. Lakini nyingi zilijengwa na gereji inayotazama barabara. Matokeo yake, njia ya waenda kwa miguu inakatwa kila hatua chache, ukingo unainuka na kushuka, na mama mwenye kigari cha mtoto anaishia kupita barabarani. Nyumba zimeongezeka, ila kutembea kumekuwa kugumu. Dawa ni kuzipa nyumba hizo njia moja ya magari ya pamoja, au kuingilia nyuma.

Kama unaishi Marekani na jiji lako linajadili mabadiliko, usiishie kwenye idadi ya makazi yanayoruhusiwa. Tafuta kiwanja chako kwenye ramani ya jiji, soma alama ya eneo lake, inayoonyesha kanuni zinazokihusu, kisha fungua jedwali la vipimo: ukubwa wa chini wa kiwanja, nafasi inayoachwa mbele, nyuma na pembeni, urefu, uwiano wa sakafu (jumla ya sakafu kwa eneo la kiwanja), maegesho. Chora kiwanja kwenye karatasi na uvitoe vyote kimoja kimoja. Kama kinachobaki hakitoshi vyumba viwili kwa kila familia, nenda kwenye kikao cha hadhara na mchoro huo, utaje namba gani ibadilike na iwe ngapi.