Ishara si kila mti unaotajwa

Wachambuzi wa Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, wana sentensi yao moja wanayorithishana: "Majani ni ishara ya Edgar Linton, mwamba ni ishara ya Heathcliff." Hao ni wanaume wawili wa Catherine, mhusika mkuu wa kike: Linton ndiye anayemuoa, Heathcliff ndiye aliyekua naye nyumba moja. Nimeikuta tena juzi, na uvumilivu umeniishia.

Ishara ni kitu kilichomo ndani ya hadithi chenye kubeba maana zaidi ya umbo lake. Basi, hayo yanatosha.

Tatizo ni neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, kwenye kitenzi cha kuelekeza kitu kwa kidole, ndugu yake kuashiria. Mitaani tumelizoea kwa maana ya dalili: mawingu meusi ni ishara ya mvua, jicho likicheza ni ishara ya mgeni au msiba, kutegemea bibi yako alikufundisha nini. Msomaji huingia nalo riwayani hivyo hivyo. Upepo ukivuma kidogo tu huko Yorkshire, Uingereza, hadithi inakotokea, anaandika "ishara ya balaa". Hicho ni kidokezo. Ishara ya kifasihi si mtabiri wa hali ya hewa.

Sitiari nayo, kwa Kiarabu, ni kuazima. Malenga akimwita mpenzi wake waridi, ameazima jina la ua. Waridi lenyewe halimo chumbani. Ishara haiazimwi. Imo humo humo, unaweza kujikwaa nayo.

Sasa turudi kwenye majani. Catherine anamwambia mtumishi wao, Nelly Dean, kwamba mapenzi yake kwa Linton ni kama majani ya msituni, wakati utayabadilisha, na mapenzi yake kwa Heathcliff yanafanana na miamba ya milele iliyo chini yake. "Kama" hiyo hapo, "yanafanana" hiyo hapo: ni tashbihi, ulinganisho wa waziwazi. Tena anacholinganisha ni mapenzi yake, si wanaume wenyewe! Ni hivyo hivyo anaposema roho ya Linton na ya Heathcliff ni tofauti kama mwanga wa mwezi na radi.

Anayetaka ishara afungue sura ya kwanza. Kando ya nyumba iitwayo Wuthering Heights ipo misonobari michache iliyodumaa, imelazwa upande na upepo wa kaskazini. Ni miti kweli, haifananishwi na mtu. Sura nyingi baadaye, jeneza la Hindley, kaka yake Catherine, likitolewa nyumbani, Heathcliff anamnyanyua mtoto wa marehemu, Hareton, na kusema tutaona kama mti mmoja hautakua umepinda kama mwingine, ukisokotwa na upepo ule ule. Hapo ndipo ile misonobari uliyoipita bila kuijali inapokurudia. (Maneno yake ni sitiari, nakubali. Lakini sitiari hiyo ndiyo inayoifanya miti ya uani iwe ishara.)

Na habari ya mti huo uliotakiwa upinde haikuishia hapo. Karibu na mwisho, Hareton huyo huyo, kwa kushawishiwa na Cathy, binti ya Catherine, anang'oa vichaka vya matunda ambavyo mtumishi mzee Joseph alivipenda kama mboni ya jicho lake, ili wapande mimea mingine kutoka Thrushcross Grange, nyumba ya akina Linton.

Kwa hiyo majani ya Linton yaandikieni tashbihi, alama zenu za mtihani mtazipata vilevile. Neno ishara liwekeni kwa misonobari.