Nyaraka za zana inayoorodhesha API za nje

Duka la mtandaoni la Nairobi huweza kuwa na waprogramu wawili tu, na bado kila hatua ya mauzo yake ikapitia kwa kampuni nyingine. Malipo ya M-Pesa yanapita Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa, SMS za kumjulisha mteja zinapita kampuni ya Africa's Talking, na ramani ya kufikishia mzigo inatoka Google Maps. API ni mlango ambao programu moja huomba huduma kwa nyingine. Zana inayoorodhesha API za nje husoma msimbo na faili za mipangilio, ikaokota kila anwani ya mtandaoni isiyo ya kwenu, kisha ikatoa jedwali. Mimi huandika nyaraka za zana za aina hii. Jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kumweleza msomaji jedwali limetoka wapi, na macho ya zana yanaishia wapi.

Chukua mstari mmoja wa jedwali, api.safaricom.co.ke. Kwa aliyeko zamu usiku, au kwa mkaguzi, jina hilo peke yake halitoshi. Anwani hiyohiyo hupokea ombi la STK Push, linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN na kulipa. Hupokea pia ombi la B2C, linalotoa pesa za biashara na kuzipeleka kwenye simu ya mtu. Moja huingiza pesa, jingine huzitoa, na hatari zake hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana nyaraka lazima ziseme wazi kama zana hutenganisha mistari kwa jina la seva tu au kwa njia kamili ya ombi. Mimi hushikilia njia kamili, hata jedwali likirefuka.

Halafu kuna majibu. Ukituma STK Push, Daraja hukujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Hilo si thibitisho la malipo. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani uliyoitaja katika CallBackURL, sehemu ya ombi inayosema majibu yaletwe wapi: ResultCode 0 mteja akilipa, 1032 akighairi. Sasa anwani hiyo iko kwenye kikoa chenu wenyewe, kwa hiyo zana inayotafuta anwani za nje itaipita kama haipo. Kumbe huo ndio mlango ambao taarifa za malipo huingilia, na mtu akiubadilisha bila kujua, wateja watalipa na oda zitabaki zimeandikwa hazijalipwa. Katika nyaraka naandika kwamba safu ya majibu hujazwa na mtu. Ni afadhali safu tupu inayodai kujazwa kuliko zana kubahatisha.

Sehemu ya yale ambayo zana haiyaoni naiweka juu ya ukurasa, kabla ya maelekezo ya kusakinisha. Maktaba ya Africa's Talking, yaani msimbo uliokwisha andikwa wa kutumia huduma yao, kwa mfano, hukuomba jina la mtumiaji na ufunguo; anwani ya huduma imo ndani ya maktaba, haimo kwenye msimbo wenu. Ukitafuta "https" hutaipata. Zana inapaswa kusoma pia package.json au requirements.txt, faili zinazotaja maktaba ambazo programu inazitumia, na nyaraka zitaje maktaba inazozitambua kwa majina. Anwani zinazoungwa vipande vipande programu ikiwa inaendeshwa nazo hukosekana, sawa na skripti zinazopakiwa na kivinjari cha mteja.

Safu ya mwenye akaunti watu hupenda kuiruka. Mwaka 2018 Google Maps ilianza kudai ufunguo na akaunti ya malipo kwa kila programu inayotumia API yake. Siku kama hiyo swali ni nani ndani ya kampuni anaishika akaunti. Nashauri iandikwe idara au cheo, kwa sababu watu huhama kazi.

Safu ya data inayotoka ina uzito wa kisheria. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Namba ya simu iliyomo kwenye STK Push ni taarifa binafsi. Zana huweza kuihisi kutokana na jina la sehemu ya ombi, PhoneNumber, lakini nyaraka ziseme kwamba huo ni ukisiaji hadi mtu athibitishe.

Mifano yangu haibebi ufunguo wa kweli hata mmoja. Kwa Daraja natumia namba ya biashara ya majaribio, 174379, ambayo ni ya wote. Kila jedwali la mfano linaanza na tarehe, toleo la zana na toleo la msimbo uliosomwa, ili majedwali mawili yaweze kulinganishwa.

Ulinganisho huo ndio sura ya mwisho ya nyaraka. Zana iendeshwe kila msimbo unapobadilishwa. Mstari mpya ukitokea bila mwenye akaunti, mabadiliko yasimame hapo mpaka safu hiyo ijazwe.