Baridi Yabisi Hailetwi na Upepo wa Bahari

Hapa Tanga, mwashi anayeamka vidole vimekakamaa, asiweze kushika kikombe cha chai kwa saa nzima, huambiwa kwamba amepigwa na upepo wa bahari, au kwamba alinawa maji baridi mwili ukiwa bado na joto la kazi. Jina lenyewe la ugonjwa, baridi yabisi, limeibeba dhana hiyo. Ukweli ni kwamba baridi huweza kuzidisha maumivu ya kiungo kinachoumwa tayari, lakini haiuanzishi ugonjwa, ambao hutokea kinga ya mwili inapogeuka na kuushambulia utando laini wa viungo.

Miongoni mwa vichocheo vinavyotajwa na watafiti ni vumbi la silika, madini yaliyojaa katika mchanga, zege na vigae vingi. (Mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, kwa kawaida yana silika kidogo.) Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza habari za wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi pamoja na vinundu mapafuni. Baadaye utafiti mkubwa wa Sweden ulionyesha kwamba wanaume waliofanya kazi katika vumbi la silika waliugua zaidi, hasa aina inayoambatana na kingamwili maalumu (protini za kinga zilizomo katika damu), na kwamba kwa wavuta sigara hatari ilipita jumla ya hatari ya vumbi na ile ya sigara. Hii haina maana kwamba kila mwashi ataugua, wengi hawaugui.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya leso. Nimemwona kijana wa Ngamiani akikata vigae kwa grainda, leso imefungwa puani, kope zimekuwa nyeupe, naye ameridhika kwamba amejikinga. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, kwa kuwa kila moja ni ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita, nazo hupenya leso bila shida. Kinachozipunguza ni maji yanayomwagika mfululizo pale kisu kinapokata, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na barakoa ya kuchuja vumbi inayobana uso.

Wala huu si ugonjwa wa wazee: mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60. Mwashi ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwa wiki kadhaa amweleze daktari pia kazi anayoifanya, kwani dawa kama methotreksati, zikianza mapema, hupunguza sana uharibifu wa viungo.