Setilaiti haioni mbu: dhana potofu kuhusu ramani za magonjwa Mombasa

Homa ikizuka hapa mjini, iwe dengi au chikungunya iliyotuvamia mwishoni mwa 2017, zote za kuenezwa na mbu, ramani huanza kuzunguka kwenye simu. Madoa mekundu huku, manjano kule, na kila mtu ana tafsiri yake. Nyingine zinapotosha, na ugonjwa unaoacha viungo vikiuma kwa miezi si wa kukisiwa.

Dhana: Setilaiti inauona ugonjwa kutoka angani

Haiuoni. Chukua picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinazotolewa bure: nukta moja ni mita 10 kwa 10. Ua mzima unamezwa humo, na pipa la maji lililo nyuma ya jiko, anamozaliana mbu, halionekani. Zinachopima setilaiti ni joto la ardhi, ukijani wa mimea, mvua, maji yaliyotanda. Mtafiti huyalinganisha hayo na takwimu za wagonjwa, ndipo anajua ni wapi panamfaa mbu.

Kwa magonjwa yanayofuata mafuriko, njia hii ina nguvu kweli. Mwaka 2006 watafiti wa NASA, akiwemo Assaf Anyamba, walifuatilia joto la bahari, mvua na ukijani wa malisho, wakatoa tahadhari ya homa ya Bonde la Ufa Afrika Mashariki. Desemba mwaka huohuo ikathibitishwa Garissa.

Dhana: Mvua ikikatika, dengi imekwisha

Hii ndiyo inayotuponza zaidi. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, yule mwenye mabaka meupe miguuni, hahitaji bwawa. Anataka maji yaliyotulia karibu na watu. Mifereji ikikauka tunanunua maji ya mkokoteni, tunajaza kila chombo kilichopo, na kiangazi kinamlea kama masika. Ramani ya mvua peke yake haiwezi kulijua hilo.

Funua pipa lililokaa wiki nzima. Kivuli chako kikipita juu ya maji, viluwiluwi vinajinyonganyonga kushuka chini. Juu kidogo ya maji, ukutani mwa pipa, kuna chembe nyeusi kama masizi: hayo ni mayai. Yanastahimili ukavu kwa miezi, maji yakipanda yanaanguliwa. Kumwaga maji tu hakutoshi, pipa lisuguliwe kwa brashi.

Dhana: Palipokolea wekundu ndipo penye hatari kubwa

Uliza kwanza rangi inahesabu nini. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kisauni ilikuwa na watu 291,930, ya Changamwe 131,882. Wagonjwa wakiwa idadi sawa kote kuwili, uwezekano wa mtu wa Changamwe kuugua ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Kisauni, ingawa ramani ya idadi tupu itawapaka rangi moja. Na penye zahanati yenye vipimo wagonjwa huonekana wengi. Pasipo na vipimo, weupe wa ramani si dalili ya afya.

Dhana: Nukta ya mgonjwa ni mahali alipoambukizwa

Ni mahali alipoandikishwa, au anapolala. Daftarini mara nyingi utakuta neno moja tu, "Likoni", na Likoni ina watu robo milioni. Hata mtaa ukiandikwa, mbu wa dengi hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kutua. Mama wa Likoni anayevuka feri alfajiri kwenda kuuza mboga Kongowea anarudi nyumbani usiku. Akipata homa, nukta yake itawekwa Likoni, na dawa itapulizwa Likoni, hali mbu aliyemng'ata yuko kwenye matairi ya zamani nyuma ya soko. Kwa hiyo mhudumu akikuuliza unakaa wapi, mtajie mtaa na msikiti wa karibu, kisha mwambie pia unakoshinda mchana, hata kama hakukuuliza.