Eti mchawi lazima avae joho: uongo tunaoambiana kuhusu uchawi wa Skyrim

Skyrim, ile gemu ya kompyuta ya mapanga, uchawi na madragoni, ilitoka Novemba 2011 na mpaka leo kuna wasee hapa Nairobi wanaianza upya kila Desemba, juu laptopu ya mtumba inaibeba bila kulia sana na haikuli bando. Kila mtu akianza anasema safari hii nitakuwa mchawi. (Mchawi wa gemu, sio yule wa kukimbia usiku huko ocha, tulieni.) Wiki mbili baadaye unamkuta amerudia upinde, ukimuuliza anakwambia aah mchawi ni mnyonge, anakufa kufa tu. Sio mnyonge. Ni vile alivaa na ni skili alichagua, na hizo zote alishikishwa na stori za watu ambao mara nyingi walikuwa wanaongelea gemu ingine kabisa.

Eti ukivaa chuma speli zinakataa

Hii ndio mama yao. Kwa Skyrim hakuna kitu kama hicho. Vaa deraya nzito kutoka kichwani mpaka viatu na Firebolt yako, ile speli ya kurusha moto, itatoka na pointi 25 vile vile, na itakula majika (ile nguvu ya kurusha speli) ile ile. Hii imani imetoka mbali, kwa ile gemu ya mezani, Dungeons & Dragons ya kwanza ya 1974 mchawi alikuwa haruhusiwi deraya yoyote, halafu toleo la tatu la 2000 likaleta asilimia ya speli kufeli kulingana na chuma umevaa, na hata Oblivion ya 2006, ambayo ni ndugu mkubwa wa Skyrim, ilikuwa inapunguzia speli nguvu kidogo. So aliyekuambia hakukudanganya kabisa, alikupea sheria za nyumba ya jirani.

Chenye unapoteza ukivua joho ni mwendo wa majika kurudi, na hapo sitaki kudharau joho. Ukiwa umetulia inarudi kama asilimia 3 ya tangi lako kila sekunde, lakini vita ikianza inashuka mpaka karibu 1. Kama uko na majika 200 hiyo ni pointi 2 kwa sekunde, unarusha moto mara kadhaa halafu unaanza kuzunguka nguzo ukifukuzwa na mtu wa shoka ukingoja tangi lijae kama unangoja maji ya Jumanne kwa ploti. Joho la asilimia 100 linakupea 4. Kwa levo za chini hiyo ni tofauti ya kuishi na kufa, ndio maana mimi mwenyewe huanza na joho. Lakini ni hesabu, sio sheria ya uchawi.

Eti joho na Mage Armor ni sawa tu na chuma

Tupige hesabu pole pole juu hapa ndio watu wengi wanapigwa. Kila pointi ya deraya inakupunguzia asilimia 0.12 ya pigo, na mwisho wa kupunguza ni asilimia 80, haipiti hapo hata ufanye nini. Deraya ya kuvaa ina siri, kila kipande unachovaa kina pointi 25 ambazo skrini haionyeshi, ndio maana ukiwa na vipande vyote vinne unafika mwisho namba ikisoma 567.

Sasa kuja kwa mtu wa joho. Yeye anategemea speli za Alteration, shule ya uchawi yenye speli za kujikinga, Oakflesh ni 40, Stoneflesh 60, Ironflesh 80, Ebonyflesh 100, kila moja inakaa sekunde 60. Akiweka Mage Armor, perki (uwezo unaochagua ukipanda levo) ya mtu asiyevaa deraya, ngazi zote tatu, zinazidishwa mara 3, so ile kubwa inakuwa 300. Zidisha na 0.12, unapata 36. Asilimia 36! Na zile pointi za siri hana juu hajavaa kitu. Kuna Dragonhide ndio inakupea 80 moja kwa moja, lakini ni sekunde 30 tu, na kuirusha lazima usimame ukiichaji kwa mikono miwili wakati jitu linakukujia na rungu. Mtu akikuambia ni sawa mwitishe kalkuleta. Ukweli ni kwamba 36 inatosha katikati ya gemu, ni nyepesi, huhitaji kupoteza levo kwa uhunzi, lakini usiende kusimama mbele ya watu ukidhani wewe ni ukuta.

Na hapa ndio mimi nililia. Tulikuwa kwa kasini wangu Umoja, stima ilikuwa imepotea mchana wote ikarudi saa mbili usiku, so ilikuwa kucheza mpaka asubuhi. Mchawi wangu alikuwa levo 14, Alteration 30 na kitu, nimeshaweka Mage Armor ngazi ya kwanza, ile ya kuzidisha mara 2. Kuna kiongozi wa majambazi na nyundo yake alikuwa ananilaza pigo moja, nikirudi ananilaza tena, mara sita. Kasini akachoka kuangalia.

"Hebu rusha hiyo Oakflesh halafu ufungue vitu zako tuone namba."

Nikarusha. Namba inasoma 50 na kitu.

"Inafaa kuwa 80," akasema. Tukaanza kupekua kitu kimoja kimoja kama askari wa mlangoni pale supamaketi. Joho, sawa. Viatu, za kawaida, sawa. Pete, mkufu, sawa. Glavu... "Buda, hizi ni za nini?"

Glavu za chuma. Nilikuwa nimeziokota mwanzo mwanzo kabisa wa gemu na nikabaki nazo juu zilikuwa zinakaa fiti na joho jeusi. Nikazivua, nikarusha speli tena, 80 safi. Yaani glavu zilikuwa zinanipa pointi 10 na kuninyang'anya 40, na hiyo ilikuwa imeenda wiki tatu nikilaumu gemu.

Kipande kimoja tu cha deraya, nyepesi au nzito, kinaua Mage Armor yote. Hata zile barakoa za makuhani wa dragoni ambazo watu wanazipenda zinahesabiwa deraya. Taji, pete na mkufu hazina noma. Hii nusu nusu ni kama mtu wa boda amevaa helmeti kwa kiwiko, uzito anabeba na kichwa kiko wazi. Chagua moja, nguo tupu au chuma kamili.

Eti ukishavaa chuma hata dragoni hakuwezi

Deraya inazuia panga, mishale na meno. Moto, barafu, radi, hizo zinapita kama haipo. Kwa hizo unahitaji kinga ya uchawi, ambayo mwisho wake ni asilimia 85, na si ngumu kuipata: mtu wa kabila la Breton anazaliwa na 25, lile jiwe la baraka linaloitwa Lord Stone linaongeza 25 zingine, na kwa Alteration kuna Magic Resistance ya ngazi tatu inayofika 30. Jumla 80 bila kuvaa hata kidani. Ajabu ni kwamba watu wanaruka Alteration wakisema inaboa, halafu wanalia wakikutana na mchawi mwingine.

Eti Destruction inakuwa kali ukiinua skili

Destruction ndio shule ya moto, barafu na radi. Na jibu ni hapana, na hii inaudhi kweli. Skili ikipanda kinachoshuka ni bei ya majika. Ile Firebolt ya 25 itabaki 25, ukiweka perki ya Augmented Flames ngazi zote mbili inafika 37 na nusu, na imeishia hapo, wakati maadui wanaendelea kukua na wewe. Ndio maana mtu anafika levo 40 anahisi anarushia watu kiberiti. Vitu za kuvaa zenye uchawi wa Fortify Destruction pia haziongezi makali, zinapunguza bei, chenye kinaongeza makali ni dawa ya kunywa ya jina hilo hilo. Wawili hawa wanachanganywa kila siku.

Lakini hiyo bei usiidharau. Ukifika Enchanting, skili ya kutia vitu uchawi, 100 na perki zake na roho kubwa, kila kitu kinapata asilimia 25, na Destruction inaingia kwa kofia, kifua, pete na mkufu. Nne mara 25 ni mia. Bure kabisa, unarusha mpaka uchoke, kama ile nyumba ambayo mita ya stima iliharibika na landilodi hajajua. Na perki ya mwisho inaruhusu kila kitu kubeba nguvu mbili, so shule mbili bure. Sasa rudi kwa stori ya joho: majika ikishakuwa bure, joho la kurudisha majika linakufaidi nini? Hapo ndio mchawi anahamia chuma kamili na anakuwa hatari.

Kabla ufike huko, kilichoniokoa mimi ni perki ya Impact. Inataka Destruction 40, unarusha speli moja kwa mikono miwili na karibu kila mtu anayumba hata kabla afike. Inakula majika mingi lakini yule wa nyundo hakuniguza tena. Ah, na acheni kurushia draugr, zile maiti zinazotembea, barafu, wana kinga ya nusu na makaburi yote yamejaa hao, tumia moto.

Eti mchawi wa kweli anachukua shule zote

Perki ni moja kwa kila levo. Ukitawanya mbili hapa tatu pale, levo 25 unajua kila kitu kidogo na hakuna kinachoua. Mwanzo shule mbili zinatosha, mimi ningesema Conjuration, ile ya kuita viumbe, ndio kitu kingine kipigwe badala yako, na Alteration. Illusion, ile ya kuchezea akili za watu, ni tamu ukifika perki ya Quiet Casting, kwa levo 50 ya skili, speli zote zinakuwa kimya. Restoration, ile ya kuponya, watu wanaicheka mpaka kuna mwalimu wake pale chuo cha wachawi cha Winterhold analalamika haheshimiwi, lakini Respite peke yake, ile ya kuponya na stamina ikirudi hapo hapo, ni bei poa sana ukiwa umebeba chuma.

Kasini sasa ni Breton wa chuma mwili mzima na haguswi. Mimi nimebaki na joho langu na asilimia 36 zangu. Zile glavu nilimpea Lydia, yule mlinzi wangu wa kwa gemu.