Muuguzi Anapoingia Leba Akiwa Mzazi

Watu hudhani muuguzi akienda kujifungua hapati taabu kama wengine, kwa kuwa anajua kila hatua. Wauguzi waliojifungua kwa njia ya kawaida hawasimulii hivyo. Ujuzi huwasaidia kabla uchungu haujakolea. Ukikolea, wanakuwa wazazi kama wazazi wengine, tena wenye hofu ya ziada, maana wamekwisha kuona damu ikimtoka mama kupita kiasi, au mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka chini ya 110 kwa dakika.

Kinachowatesa zaidi ni sentimita. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mlango wa kizazi hufunguka walau sentimita 1 kila saa. Muuguzi aliye kitandani hupiga hesabu hiyo kichwani. Akipimwa na kuambiwa bado yuko 4, hukata tamaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, lilisema kanuni hiyo isitumike kwa kila mama. Uchungu kamili huhesabiwa kuanzia sentimita 5 hadi njia ifunguke yote, na kwa uzazi wa kwanza hatua hiyo kwa kawaida haizidi saa 12. Mama na mtoto wakiwa salama, njia kufunguka polepole peke yake si sababu ya dripu ya kuongeza uchungu wala ya upasuaji. Natamani kila zamu ya leba ilikumbuke hili.

Halafu kuna mkao. Muuguzi aliyezoea kuwalaza wazazi chali, zamu yake ikifika, mwili unakataa. Anasimama, anapiga magoti, anaegemea kitanda. Kusema kweli, chali inatufaa sisi wahudumu kuliko mama: kizazi kizito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mwache achague.

Wenzake nao humkosea bila kukusudia. “Wewe ni mwenzetu, unajua kila kitu,” humwambia, kisha anapimwa njia bila maelezo na kuachwa peke yake. Muuguzi naye anahitaji kuombwa ridhaa, kuelezwa, na kuwa na mtu anayemtaka kando yake.

Njia ya kawaida haina maana ya kukataa msaada. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10, mara mtoto anapozaliwa hupunguza hatari ya kuvuja damu. Kitovu husubiri walau dakika 1 kabla ya kubanwa, na mtoto mwenye hali nzuri hukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Wapo wanaochelewa kufika kituoni kwa kuwa wanajipima wenyewe nyumbani. Damu ikitoka, chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, nenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama wewe ndiye mkunga mkuu wa zamu.