Gari Linalolia "Tak" na Kukataa Kuwaka: Dhana Potofu na Ukweli

Anayelaza gari karibu na bahari, iwe Shangani au Mikindani kule Mtwara, huenda asubuhi moja akazungusha ufunguo na kusikia "tak" moja nzito, au mfululizo wa "tak-tak-tak-tak", huku injini ikiwa haizunguki hata kidogo. Wanaofika kwanza kumsaidia huamua papo hapo kuwa betri imekufa, na kabla jua halijapanda mwenye gari ameshalipia betri mpya. Mimi naona hasara hiyo mara nyingi huepukika, kwa kuwa mlio wenyewe ni ushahidi: unaonyesha umeme umefika wapi na umekwama wapi.

Dhana: "Taa zinawaka, kwa hiyo betri ni nzima."

Taa mbili kubwa zenye balbu za wati 55 hutumia takribani ampea 9 kwa pamoja, ilhali stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) ya gari dogo huhitaji ampea 100 hadi 200, na pengine zaidi, ili kuisukuma injini. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa na redio bila shida, kisha ikashindwa kabisa inapodaiwa kazi ya stata. Kinachofaa kutazamwa ni namna taa zinavyokuwa wakati stata inapigwa. Zikififia sana au kuzimika, betri haina nguvu au imeshikana vibaya na waya zake. Zikibaki na mwanga ule ule na ukasikia "tak" moja tu, umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye stata, au unafika na stata yenyewe haiutumii.

Mwenye mita ya umeme ana uhakika zaidi. Betri iliyopumzika saa kadhaa na kujaa chaji huonyesha takribani volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kuisha. Hata hivyo kipimo hicho cha betri iliyopumzika hakitoshi, kwa sababu betri mbovu ndani inaweza kuonyesha 12.5 kisha ikaporomoka mara tu inapoelemewa. Mtu mmoja apige stata na mwingine asome mita: betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi.

Dhana: "Milio yote ni ile ile."

Haiko hivyo. Juu ya stata kuna solenoidi, ambayo ni swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme. Inapovutwa hufunga vishikizo vya shaba, na umeme mwingi hupita kwenda kwenye mota. Betri ikiwa dhaifu, mota inapoanza kuvuta umeme volti huporomoka, sumaku huachia, vishikizo hufunguka, volti hupanda tena, na sumaku huvuta upya. Mzunguko huo hujirudia haraka, ndiyo maana tunasikia mlio wa mfululizo. Mlio mmoja una maana nyingine: sumaku imevuta na kushikilia, lakini mota haikuzunguka. Hapo hushukiwa vishikizo vilivyoungua, kaboni za stata (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka) zilizoisha, waya mnene uliolegea, au, mara chache, injini iliyokwama. Ikiwa mita iliyowekwa kwenye betri inabaki karibu na 12.5 wakati wa mlio huo mmoja, betri haina hatia; mota haivuti umeme wowote.

Dhana: "Dawa ni betri mpya."

Hapa ndipo watu wa pwani ya Lindi na Mtwara wanapopoteza fedha zaidi. Hewa yenye chumvi huharakisha kutu kwenye viungo vya shaba na chuma, na ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, yaani vishikizo vya waya kwenye nguzo za betri, si uchafu wa kupuuzwa. Ukinzani wa omu 0.05 tu ukipitisha ampea 9 za taa hupoteza chini ya nusu volti, na jicho halioni tofauti. Kiungo hicho hicho kikipitisha ampea 150 kingepoteza volti 7.5, na kinachobaki hakiwezi kuzungusha injini. Pale Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Masasi, niliwahi kukwama na betri iliyokuwa mpya kabisa. Tatizo lilikuwa waya wa ethi, ule unaounganisha upande hasi wa betri na injini, uliooza chini ya boliti yake kwenye injini, na dakika chache za msasa zilitosha.

Kabla ya kununua chochote, fungua terminali ukianza na hasi, zioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo bila kuyaingiza ndani ya betri, zikaushe, zisugue hadi zing'ae, kisha uzifunge ukianza na chanya. Stata ikipigwa, volti kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa injini isizidi takribani 0.2, ikizidi, waya wa ethi unakula umeme.

Dhana: "Ni mafuta au plagi."

Injini isiyozunguka haijafikia hatua ya kuhitaji mafuta wala cheche.

Dhana: "Ikigongwa nyundo ikawaka, imepona."

Kugonga stata husogeza kaboni zilizokwama, lakini kaboni zilizoisha hazirefuki. Gari likiwaka kwa njia hiyo, liende moja kwa moja kwa fundi umeme wa magari, hasa kama safari inayofuata ni ya Newala au Nachingwea.

Dhana: "Kujua kama altaneta inachaji, chomoa terminali injini ikiwa inanguruma."

Nasisitiza kwa moyo wote: usifanye hivyo. Betri hutuliza umeme wa altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ikichomolewa ghafla, volti huruka na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo ni ghali kuliko betri na stata. Baada ya kuwasha gari kwa betri ya jirani, pima tu kwenye terminali injini ikiwa inaunguruma. Kati ya volti 13.8 na 14.5 altaneta inachaji. Zikibaki 12 na kitu huku zikishuka, hata betri mpya itaishia kulia "tak-tak-tak" kesho asubuhi.